Mikate Mirefu ya Tulizana

Tegeni sikio, ninyi mliokwisha kunywa chai na ninyi mnaoisubiri. Iko nchi moja iitwayo Jamhuri ya Tulizana. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana mchora ramani wao aliitwa jeshini kabla hajafika mpakani, na kalamu yake haijaguswa mpaka leo. Atakayeifananisha na nchi anayoifahamu, shauri yake. Mimi nasimulia tu.

Tulizana haijawahi kupigana na mtu. Majirani zake wote huja kuazima chumvi, na wengi hurudisha. Lakini Waziri wa Ulinzi na Sherehe, Mheshimiwa Kaulimbiu, aliiona hatari iliyojificha humo. "Nchi yenye adui inajua iangalie upande gani," alisema redioni. "Sisi tusio na adui tunalazimika kuangalia pande zote!" Watu wakayatafakari maneno hayo, wakaona yana uzito, ingawa hawakujua uzito wenyewe umekaa wapi. Ndipo likaundwa Jeshi la Akiba. Askari wake ni wapishi, vinyozi, mafundi na makarani, ambao huacha kazi zao kwa msimu mmoja, wakafunzwa vita, kisha wakarudi kazini kwao. Huko kurudi kazini ndiko kulikozaa kisa hiki.

Miongoni mwa walioitwa mwanzo alikuwa Kondo Mwinshehe. Kwa lugha ya wazee kondo ni vita, na wazazi wake walimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku kinamama wa mtaa walipopigana kwa ndoo bombani. Yeye mwenyewe hajawahi kumrushia mtu hata ndala. Lakini afisa wa kuandikisha alipolisikia jina alisimama akapiga saluti, akasema huyu hana haja ya kupimwa macho.

Kondo alifanya kazi katika kiwanda cha mikate cha Bwana Tindwa, kwenye mashine ya kukata madonge. Mwenzake Chausiku alikanda unga, unga ukatoka kwenye kinu kama mkia usiokwisha, ukapita mbele ya Kondo aliyekaa kwenye kigoda chake. Kondo alivuta mpini, twaa, donge likaanguka kwenye kopo, likaenda tanurini. Haikuwa kazi ya maajabu. Mtu yeyote mwenye mkono, na aliyelala vizuri, angeweza kujifunza kabla ya saa ya chai. Lakini Kondo aliipenda. Aliupenda ule mlio, aliipenda harufu, na alipenda kupita mtaani asubuhi akaona watoto wa watu wanakula mkate alioukata kwa mkono wake.

Sasa Watulizana wana desturi waliyorithi kwa mababu. Mtu akisafiri, kigoda chake hakikaliwi, na kikombe chake hufunikwa kifudifudi juu ya kigoda hicho. Vyombo vyake vya kazi navyo havishikwi. Atakayevishika amemletea msafiri nuksi njiani. Akirudi, hasalimiwi wala haulizwi habari mpaka akipindue kikombe mwenyewe, atiliwe maji, anywe. Hapo wote waliopo humwambia kwa pamoja, "Karibu, habari za utokako?" na hapo ndipo huhesabiwa kuwa amefika. Ni desturi nzuri, na kwa safari za harusini na matangani haijawahi kumdhuru mtu.

Mheshimiwa Kaulimbiu aliichukua desturi hiyo akaifanya sera. "Ninyi waajiri," alisema kwenye mkutano wa hadhara, huku akifuta jasho kwa kitambaa chenye bendera, "mnauliza mtawasaidiaje wafanyakazi wenu wanaolitumikia taifa. Jibu mnalo majumbani mwenu! Kiti cha msafiri hakikaliwi nyumbani. Kwa nini kikaliwe kazini? Mwajiri atakayekitunza kiti cha askari wake kuliko wenzake wote nitamvisha kwa mkono wangu Ngao ya Mwajiri Mzalendo!"

Bwana Tindwa aliposikia neno ngao hakulala. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwepesi wa machozi, na ukutani kwake palikuwa na nafasi iliyokuwa ikimsumbua macho muda mrefu.

*

Siku ya kumuaga Kondo kiwanda kilisimama. Bwana Tindwa alisoma hotuba, kwaya ya wapakiaji ikaimba, na kikombe cha bati cha Kondo kikafunikwa juu ya kigoda kwa mikono miwili kama yai. Kisha ikazungushwa kamba ya katani kuzunguka kigoda na mashine.

"Bosi," Kondo alisema kwa upole, "hiyo kamba mbona imeipita na mashine?"

"Imeipita kwa makusudi. Mpini wako ndio chombo chako cha kazi. Hapagusi mtu hapa."

"Sasa nani atakata?"

"Hakati mtu!" Bwana Tindwa alijipiga kifua. "Nenda kalinde mipaka, mwanangu. Huku nyuma heshima yako iko salama."

"Bosi, mimi sioni vibaya. Chausiku angeshika tu kidogo mpaka nirudi, halafu..."

"Kondo!" Machozi yalikuwa yamekwisha kumlengalenga bosi. "Unataka nikuletee nuksi vitani? Mimi nina moyo wa jiwe?"

Mtu akikupenda kwa sauti kubwa namna hiyo, kumjibu ni kazi. Alimuaga tu bosi kwa maneno mafupi, akamwambia, "Haya, lakini nikirudi nitakikuta kiti changu?" Bwana Tindwa akaapa mbele ya watu wote kwamba atakikuta kama alivyokiacha. Neno hilo Kondo aliondoka nalo moyoni, kwa kuwa nyumbani alikuwa na mke, Mwatumu, na binti yao Zai, na nyumba ile ililishwa na kigoda kile.

Kuanzia kesho yake kiwanda kikaoka mikate isiyokatwa. Unga ulitoka kinuni ukaingia tanurini mzimamzima, na mkate ukatoka mrefu kama tanuri lenyewe. Watu waliubeba begani. Wenye baiskeli waliufunga ubavuni wakawa hawawezi kukata kona. Nyumba ndogo ziliuingizia dirishani, na mara nyingi ncha ya pili ilitokea kwa jirani, naye jirani hakuiacha ipite bure. Mtaa mzima ukalazimika kunywa chai kwa wakati mmoja. Redio ya taifa ikatangaza kwamba umoja wa wananchi umeongezeka tangu kuanzishwa kwa Jeshi la Akiba, na kwa hilo redio ilisema kweli.

Kiwandani kila asubuhi watu walisimama kimya mbele ya kamba. Picha ya Kondo ilitundikwa na shada la maua likavishwa. Buibui alipotandaza utando kati ya mpini na kigoda, mfagiaji alikuja na ufagio, Bwana Tindwa akamdaka mkono. Alikuwa amesikia kwamba kamati ya ngao inatoa alama kwa vumbi, na kwa utando inatoa zaidi, kwa kuwa utando ni ushahidi usioweza kughushiwa. Tangu siku hiyo buibui yule aliitwa Mwanakamati, na nzi waliruhusiwa kuingia.

*

Kambini nako heshima haikupungua. Bunduki zilikuwepo, tena mpya, lakini zilitunzwa stoo kwa ajili ya vita, na stoo ilifungwa kwa kufuli ambalo mwenye ufunguo wake alikuwa amesafiri. Kuruta walipewa fimbo. Fimbo nazo mpishi alizipikia maharage. Sajini Ngurumo, ambaye katika maisha yake ya kila siku alikuwa mwalimu wa chekechea, alikaa akiwaza afanyeje, mpaka siku lilipoingia lori la mikate mirefu, zawadi ya mwajiri mmoja mzalendo.

"Kuruta!" alinguruma. "Kila mtu na wake! Mkateee... begani!"

Wakaweka begani.

"Vizuri sana! Jipigieni makofi. Na ole wake atakayeuma silaha ya taifa."

Kondo alibaki ameukodolea macho wa kwake. Aliugeuza ncha hii, akaugeuza ncha ile. Haukuwa na alama ya kisu popote. Mkate huo aliujua kama mtu anavyomjua mtoto wake hata akivishwa nguo za jirani.

"Afande, naomba kuuliza. Mkate huu umetoka wapi?"

"Kwa Bwana mmoja Tindwa. Anasema ana shujaa wake humu ndani."

"Na lori hili la leo tu, au mikate yote siku hizi ni hivi?"

"Yote, mwanangu. Kwetu tunakula mtaa mzima," alisema sajini, akasahau kunguruma. "Mbona umepauka hivyo? Unaumwa?"

Kondo hakuwa anaumwa. Aliogopa, na aliogopa kuliko siku ya mazoezi ya mabomu, ambayo yalikuwa maandazi. Maana alijiuliza: ikiwa kiwanda kizima kinaweza kuishi bila kukata, na watu wamezoea, atakaporudi watamrudishia nini?

*

Msimu ulikwisha, Kondo akarudi nyumbani akiwa amekonda na amenyooka. Mwatumu alimwona tangu uchochoroni lakini hakusema neno. Alimpisha mlangoni, akamwonyesha kigoda chake cha pale nyumbani. Kondo akakipindua kikombe, Mwatumu akamtilia maji, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Karibu, baba Zai, habari za utokako?" mke na binti walisema kwa pamoja, na Zai akamrukia shingoni.

"Njema. Za hapa?"

"Za hapa tuzungumze ukishakula. Kazini kwenu wanakuimbia kila asubuhi. Niliposikia nikajua umekufa, nikaenda mbio. Wakanipa pole na kanga, nikauliza amekufa lini, wakasema hajafa, anaheshimiwa." Mwatumu akaangua kicheko, kisha kikakatika. "Mume wangu, kesho nenda mapema. Unga ndani umebaki wa kukung'uta."

Alfajiri Kondo alikuwa getini. Bwana Tindwa alipomwona alimkumbatia, akalia, akamshika mabega akamtazama, akalia tena.

"Shujaa wetu!"

"Shikamoo, bosi. Nimefika. Niruhusu nianze kazi."

Machozi ya Bwana Tindwa yakakauka ghafla. Akatazama huku na huku. "Umerudi, Kondo. Hilo nakubali. Lakini kufika hujafika. Kikombe chako bado kimefunikwa."

"Basi nikakipindue."

"Thubutu!" Bosi alimzibia njia kwa mwili wake wote, nao haukuwa mdogo. Akashusha sauti. "Kamati inakuja wiki hii. Wanakagua kiti kitupu. Kiti chenye mtu kina alama gani? Hakina! Tena tumpeleke wapi Mwanakamati? Vumilia kidogo tu. Heshima yote hii ni ya nani, kama si yako?"

"Bosi, nyumbani hakuna unga."

Hilo lilimgusa kweli Bwana Tindwa, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu, akazunguka mara mbili, uso ukamng'aa. "Nafasi moja ipo! Watu wanapita pale ndani, mwingine anaweza akateleza akaigusa kamba. Kiti cha Kondo kinahitaji mlinzi."

Hivyo ndivyo Kondo alivyoajiriwa kukilinda kiti cha Kondo. Alipewa kofia, rungu, na amri ya kutomruhusu mtu yeyote kukikaribia, yeye akiwa wa kwanza.

*

Wenzake wote walimtambua, lakini hakuna aliyelisema. Kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba asiyeitunza heshima ya Kondo atafute kazi kwingine. Walipita wakimwamkia, "Habari za leo, mlinzi," na walio waungwana zaidi waliongeza, "Tumwombee Kondo arudi salama." Kondo alijibu, "Amina," atajibu nini? Asubuhi aliimbiwa huku amesimama chini ya picha yake. Siku za mwanzo alicheka kimoyomoyo. Baadaye ilianza kumuuma, na ilimuuma sana. Mkono ulikuwa unamwasha. Aliuona unga ukipita mbele yake mzimamzima, na mpini upo hapo, hatua chache tu, na utando wa buibui juu yake.

Ni Chausiku peke yake aliyemwita jina, tena kwa kunong'ona, akiwa amempa mgongo. "Kaka Kondo, utalinda mpaka lini?"

"Mpaka kamati ije."

"Na kamati iko wapi?"

Kamati ilikuwa imekwama mjini, na sababu ilikuwa ya heshima vilevile. Dereva wake aliitwa jeshini, na kiti chake garini kilikuwa kimefunikiwa kikombe. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Wiki ile ikapita, ikaja nyingine, kikao kikaitwa, kikavunjika. Mwisho makarani wa wizara walikubaliana walisukume gari kwa mikono, mmoja wao akikimbia kandokando na kushika usukani kupitia dirishani. Ndivyo Mheshimiwa Kaulimbiu alivyoingia kiwandani kwa Bwana Tindwa, ameketi nyuma, akipungia watu mkono kwa mwendo wa jeneza, na makarani wanahema kama ng'ombe wa plau.

*

Kiwanda kilipambwa. Ili kuonyesha mshikamano, mkuu wa itifaki aliamuru wafanyakazi wote wafunike vikombe vyao, na kisipinduliwe hata kimoja mpaka Mheshimiwa atakapotamka. Mheshimiwa aliikagua kamba. Alipitisha kidole juu ya mashine, akakitazama kidole, akatikisa kichwa kwa furaha: vumbi lilikuwa la daraja la kwanza. Alipomwona Mwanakamati katikati ya utando wake alivua kofia.

"Na huyu kijana mwenye rungu?"

"Mlinzi tu, Mheshimiwa," alisema Bwana Tindwa haraka haraka.

"Na shujaa mwenyewe?"

"Porini, Mheshimiwa. Anaangalia pande zote."

Mheshimiwa Kaulimbiu akapanda jukwaani, akazungumza mpaka tanuri likapoa. Alisema ameviona viti vingi vitupu katika nchi hii, baadhi yake bungeni, lakini hajaona kitupu kama hiki. Alisema machozi yanamtoka. Kisha akanyoosha mkono juu. "Kwa hiyo natangaza! Kiti hiki ni urithi wa taifa. Mashine hii ni urithi wa taifa. Kisikaliwe kesho, kisikaliwe mwakani, kisikaliwe na mtu yeyote milele!"

Makofi yalipigwa mpaka unga ukatimka. Bwana Tindwa alilia waziwazi. Kondo akaegemea rungu lake. Milele! Akamfikiria Zai, akamfikiria Mwatumu akikung'uta mfuko wa unga, akaona maisha yake yote yaliyobaki yakiwa yamesimama chini ya picha yake mwenyewe, na ndani ya kifua chake kitu kikapanda kikakaa kooni.

Kumbe si koo lake tu lililokuwa mashakani. Itifaki ilitaka Mheshimiwa auenzi mkate wa kizalendo kwa kuuma ncha yake, bila kukata, maana wa kukata alikuwa safarini. Ulikuwa wa juzi. Mheshimiwa akauma pande la kishujaa, akatafuna, akataka kusema neno, pande likamkwama. Macho yakamtoka. Akaonyesha koo kwa kidole, na umati, ukidhani ni salamu mpya, ukaonyesha makoo yake.

"Maji!" akapiga kelele Bwana Tindwa. "Leteni maji jamani!"

Ndoo ya maji ya kukandia ilikuwepo pale miguuni kwa Chausiku. Kikombe ndicho kilichokosekana. Watu walivishika vikombe vyao, kisha wakamtazama mkuu wa itifaki.

"Vipinduliwe Mheshimiwa akitamka," alisema mkuu wa itifaki, jasho likimtiririka.

"Hawezi kutamka!" akasema Bwana Tindwa.

"Basi tusubiri atamke."

Mheshimiwa alikwisha kuwa rangi ya zambarau. Mbele ya Kondo, ng'ambo ya kamba, kilikuwepo kikombe kimoja ambacho hakuna itifaki duniani ingeweza kumkataza mwenyewe kukishika. Bwana Tindwa aliliona jicho la Kondo lilikoelekea. Alitazama ngao juu ya meza, akamtazama waziri, akamtazama Kondo, asiseme ndiyo wala hapana. Kondo alijua akivuka kamba ile, ulinzi umekwisha, na huenda na kazi nyingine zote zimekwisha. Akaliweka rungu chini. Akaruka kamba, utando ukampasukia usoni, na Mwanakamati akakimbilia chini ya mashine. Akakipindua kikombe.

"Kinga, kaka Kondo!" Chausiku aliita kwa sauti yake kamili, na ndoo ilikuwa mikononi.

Mheshimiwa alikunywa, akakohoa, pande likaruka likamwangukia mkuu wa itifaki. Yaliyobaki ndani ya kikombe Kondo aliyanywa yeye. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, na vumbi likamtimkia.

"Nimefika," alisema.

Mkuu wa itifaki alifumbua kinywa, lakini alichelewa, kwa sababu desturi za mababu zina haraka kuliko za wizara. Chausiku alianza, wapakiaji wakafuata, na wa tanurini, na mfagiaji, na hata makarani waliosukuma gari, kiwanda kizima kwa sauti moja:

"Karibu, Kondo, habari za utokako?"

Kondo alitaka kujibu njema, kama ilivyo ada, lakini kilichotoka ni kilio. Alilia kama mtoto, bila kujificha, na mkono wake wa kulia ukautafuta mpini wenyewe. Twaa. Donge fupi likaanguka. Watu walishangilia donge lile kuliko walivyoishangilia hotuba.

*

Kamati ilikaa hapohapo ikatoa uamuzi. Vumbi limetimuliwa, utando umechanwa, kiti kimekaliwa: alama sifuri. Ngao ikaenda kwa kiwanda cha sabuni, ambacho askari wake wote walikwisha kurudi na bado walikuwa nje ya geti. Mheshimiwa Kaulimbiu, naye, hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Alipopata sauti alimshika Kondo bega. "Askari mwepesi kama wewe taifa haliwezi kumwacha akakaa. Natangaza uongezewe mafunzo. Utaripoti Jumatatu!"

Jumatatu asubuhi Kondo alipita kiwandani kuaga. Alimkuta Bwana Tindwa amekwisha kuishika kamba, macho yanang'aa, maana mwakani ngao itatolewa tena. Kondo alimwamkia kwa adabu, akakichukua kikombe akakitia mfukoni, na kigoda akakiweka begani, pale alipofunzwa kuweka mkate.

"Unakwenda nacho wapi?" bosi alipigwa na bumbuwazi.

"Naondoka navyo, bosi. Kikombe changu kikiwa mfukoni mwangu nuksi itanipatia wapi? Chausiku, njoo, dada. Shika hapa. Vuta. Siyo hivyo, usiuogope. Haya, hivyohivyo."

Twaa.

"Huyu atakata mpaka nirudi," alisema Kondo. "Mfagiaji amsaidie kinu."

"Na ukirudi?" Bwana Tindwa aliuliza, na aliuliza kwa dhati, kwa sababu katika hotuba zote alizozisikia jambo hilo halikuwahi kutajwa. "Ukirudi yeye aende wapi?"

"Kinuni kwake. Nami nitakaa hapa. Mbona si jambo gumu, bosi?"

Bwana Tindwa aliitazama kamba mkononi mwake kwa muda. Aliutazama na ule ukuta wake mtupu. Kisha akaifunga kamba ile kwenye mfuko wa unga uliokuwa umepasuka, akaguna, akaenda kufungua tanuri. Hakulia hata kidogo, na Kondo aliona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizopewa.

Msimu ukapita. Siku Kondo aliporudi hapakuwa na kwaya wala hotuba, na buibui alikuwa amehamia ofisini. Chausiku alikuwa amekaa juu ya kreti, anavuta mpini na kumsimulia mwenzake habari za shemeji yake. Akamwona mlangoni. Akainuka, akaupangusa mpini kwa upindo wa kanga, akalisogeza kreti kwa mguu.

Kondo akaweka kigoda chake, akatoa kikombe mfukoni, akakinga. Akanywa.

"Karibu, habari za utokako?" walisema waliokuwa karibu, bila kuacha kazi.

"Njema," alisema Kondo, na safari hii ilitoka vizuri.

"Basi vuta, kaka, unga unaumuka," alisema Chausiku, akarudi kinuni kwake.

Mkate uliotoka baada ya hapo ulikuwa sawasawa na ule uliotoka kabla yake. Mtaani watu waliununua wakaenda kunywea chai, kila mtu nyumbani kwake, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba askari amerudi.